Unguja kwa Kamera: Anza na Mwezi

Wengi wanaokwenda kutembea Unguja hupanga safari kwa kuangalia bei za hoteli na ratiba ya boti. Anayetaka kurudi na picha nzuri aanze kwa kuangalia mwezi. Siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama, na vilevile baada ya mwezi kupea, ni siku za bamvu: bahari hujaa sana na kupwa sana, na kati ya kujaa na kupwa kina huweza kutofautiana kwa karibu mita 4. Siku hizo maji hufika mwisho wa kupwa mnamo saa nne asubuhi, kisha hujaa mnamo saa kumi jioni. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, saa hizo hugeuka.

Anayetaka kuogelea Paje au Jambiani, pwani ya mashariki, haipendi asubuhi ya bamvu, maana bahari imekimbilia kule mwambani na kuacha mchanga mtupu kwa umbali mrefu. Mpiga picha asiikose. Huo ndio wakati ambao wanawake wa mwani hushuka na kamba na vigingi vyao. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Maji yaliyobaki ni ya kufika kifundoni, kamba zimenyooka safu kwa safu, kanga zinang'aa, na mawingu yanaonekana chini na juu. Ila kumbuka kwamba umeingia shambani mwa mtu. Usikanyage kamba. Toa salamu, uliza hali ya kazi, ndipo uombe picha. Ukikataliwa, shukuru uondoke. Ukikaribishwa, utaelezwa jinsi joto la maji linavyoua kotonii, mwani wenye bei nzuri zaidi. Ukishayasikia hayo, utapiga mikono inayofunga mwani na nyuso za watu wanaoijua kazi yao. Picha za migongo iliyoinama, zilizovutwa kwa lenzi ndefu kutoka ufukweni bila hata salamu, zimeshatosha.

Kaskazini kidogo, Pingwe, kuna mgahawa juu ya jiwe baharini. Maji yakipwa watu huuendea kwa miguu. Yakijaa huvushwa kwa mashua. Simama mahali pale pale mara mbili siku hiyo hiyo, upate picha mbili za kuwekwa pamoja. Kisha vuka upande wa pili wa rasi, Michamvi Kae, ambako unaweza kuona jua likichwa juu ya maji ingawa uko mashariki ya kisiwa.

Jua la utosi huharibu picha za ufukweni, lakini katika vichochoro vya Mji Mkongwe lina faida. Mwanga hugonga kuta za chokaa huko juu na kufika chini umelainika, nao huionyesha vizuri nakshi ya milango: minyororo, samaki, maua. Rudi nyuma kadiri kichochoro kinavyoruhusu na ushike kamera wima, mihimili isipinde. Pembeni ya mlango pana baraza na barazani pana watu, kwa hiyo piga hodi kabla ya kupiga picha.

Usiishie kwenye majengo mashuhuri. Beit el Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883 enzi za Sultani Barghash, ilibomoka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020. Picha za kawaida zilizopigwa kabla ya siku hiyo sasa ni ushahidi wa jinsi ilivyokuwa. Nyumba nyingine zisizo na jina nazo zinachakaa. Zipige leo, na uandike mtaa na tarehe. Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, kuna sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni. Nakusihi usijipige picha ya tabasamu mbele yao.

Katika msitu wa Jozani kuna kima punju, ambao asili yao ni Unguja peke yake. Chini ya miti mwanga ni hafifu. Ongeza ISO ya kamera, zima fleshi, wala usiwalishe. Kizimkazi, usimlipe nahodha akimbize pomboo. Mwambie azime mashine mbali nao, na ungoje.

Ukiwa na siku mbili tu, zichague za bamvu. Ya kwanza, uwe Paje saa tatu asubuhi, viatu vya majini miguuni, mabega na magoti yamefunikwa kwa heshima ya kijiji. Ya pili, mchana zunguka vichochoroni, na saa kumi na moja jioni uwe Forodhani, ufukweni mwa Mji Mkongwe. Maji bado ni mengi, vijana wanajitosa kutoka ukutani, na jua liko nyuma yao. Weka kasi ya 1/1000, au kwenye simu shikilia kitufe ipige mfululizo, na uwaonyeshe picha wakipanda. Watakuomba uwapige tena.