Binti Yetu na Kiapo cha Miaka 18

Binti yetu ametimiza miaka 18, na sheria imempa mwaka mmoja. Mimi ni Mtanzania, baba yake ni Mkenya wa Taveta, na tumemlea Moshi. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya 1995 inamruhusu mtoto wa namna hii kuwa raia wa nchi zote mbili hadi afikie utu uzima. Kuanzia hapo, akitaka kubaki Mtanzania, lazima aukane uraia wa pili na ale kiapo cha utii. Kenya haimlazimishi kuchagua. Katiba yao ya 2010 inamtambua kuwa raia wa kuzaliwa kupitia kwa baba yake, na uraia pacha ni ruksa. Tunaobana ni sisi.

Nyumbani suala hili halijawahi kutusumbua. Shule zikifungwa, mtoto huvuka mpaka wa Holili kwenda kwa bibi yake. Juni 2019, Kenya na Tanzania zilipokutana Cairo kwenye AFCON, mashemeji walikaa upande mmoja wa sebule, mimi na kaka zangu upande wa pili. Msuva akafunga, tukaruka. Olunga akasawazisha, na hata hawajamaliza kushangilia Samatta akaturudisha mbele. Kenya walishinda 3-2. Mtoto alishangilia mabao yote matano, na hakuna aliyemuuliza yuko timu gani.

Mzigo uko kwenye makaratasi. Hati ya kiwanja chetu ina jina langu peke yangu, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya 1999 haimruhusu mgeni kama mume wangu kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Kaka yangu angeoa Mkenya, mkewe angeweza kuomba uraia kwa msingi wa ndoa. Mume wangu hana njia hiyo. Ataomba kama mgeni mwingine yeyote. Hilo linaniuma sana, maana ni kama uraia wangu una uzito pungufu kuliko wa kaka yangu.

Juzi, fomu zikiwa mezani, binti alimuuliza baba yake, "Nikiukana, hutaumia?"

"Nitaumia," akamjibu. "Lakini jaza, mwanangu. Nyumba ya mama yako iko huku."

Ndivyo ilivyo. Asipoukana, mwaka ukiisha atakuwa mgeni hapa alipozaliwa, na kiwanja kile hataweza kukirithi kama raia. Naliomba Bunge letu liwaondolee watoto hawa uchaguzi huu.