Michezo ya ulimwengu wazi (Sehemu ya 2): Kina hakipimwi kwa kilomita

Mwaka 1996 kampuni ya Bethesda, yenye makao yake Maryland nchini Marekani, ilitoa gemu la kompyuta liitwalo Daggerfall, la pili katika mfululizo wa The Elder Scrolls, ikajigamba kwamba nchi yake ya kubuni inakaribia ukubwa wa kisiwa cha Uingereza. Majigambo hayo hayakuwa porojo. Ndani ya Daggerfall mna miji, vijiji, mahekalu na mahandaki yapatayo 15,000. Ukiamua kutembea kwa miguu kutoka pembe moja hadi nyingine utatembea saa nyingi za kweli, na karibu kila utakachokiona njiani ni nyasi.

Hakuna binadamu aliyekaa akazijenga sehemu hizo zote moja baada ya nyingine. Programu ilipewa vipande vya majengo na mahandaki, ikavichanganya na kuvipanga upya maelfu ya mara. Mchezaji akishaingia mahandaki kumi, la kumi na moja analifahamu kabla hajafungua mlango.

Katika sehemu ya kwanza tulieleza maana ya ulimwengu wazi: mchezaji haburutwi kwenye njia moja, bali anaachwa aende atakako na kufanya atakalo. Leo tuulize kwa nini gemu moja la aina hii humalizwa likasahauliwa, na jingine hurudiwa na mtu yule yule kwa miaka ishirini. Waundaji wengi hujibu kwa kutaja ukubwa wa ramani. Daggerfall linatosha kuonyesha kwamba jibu hilo halitoshi.

Bethesda wenyewe walilijua hilo. Mwaka 2002 walitoa Morrowind, mradi ulioongozwa na Todd Howard, na safari hii walijenga kwa mkono kisiwa kimoja tu, Vvardenfell, chenye eneo lisilofika kilomita za mraba 30. Ukikiweka ndani ya Daggerfall hukioni. Hata hivyo ni Morrowind ambalo watu hawajaacha kulichimbua mpaka leo.

Lina kina, na ninaposema kina, nasema juu ya wingi wa mambo yanayoweza kutokea kanuni chache zinapokutana. Wacheza bao hawahitaji kufafanuliwa zaidi: mashimo ni 32, kete ni 64, ubao haujaongezwa hata inchi moja tangu enzi za mababu, na bado wazee huketi barazani kila jioni na kukuta hali ambayo hawajawahi kuiona.

Morrowind lina mfano mzuri wa jambo hili, na limeuweka mwanzoni kabisa. Nje kidogo ya Seyda Neen, kijiji anachoshukia mchezaji akiwa mfungwa aliyeachiwa huru, mtu mmoja huanguka kutoka angani na kufa mbele yako. Jina lake Tarhiel, mchawi. Ukimpekua utamkuta na daftari na hati tatu za uchawi alizozitunga mwenyewe. Ukisoma hati moja, ustadi wako wa kuruka unaongezeka kwa pointi 1,000, lakini kwa sekunde 7 tu. Ruka, na utapaa juu ya vilima na vinamasi hadi mbali kabisa. Sekunde zinakwisha ungali hewani, na unakwenda kufa kama alivyokufa yeye. Ila ukisoma hati ya pili kabla hujagusa ardhi unatua salama, kwa sababu ustadi ule ule unaokurusha ndio unaopunguza madhara ya kuanguka. Hakuna anayekwambia hivyo. Kanuni zipo, na wewe ndiye unayeziunganisha.

Upikaji wa dawa nao ni hivyo hivyo. Akili ya mhusika inaongeza nguvu ya dawa anazopika, na miongoni mwa dawa hizo mna inayoongeza akili. Mjanja hunywa, hupika, hunywa tena, hupika tena, mpaka anakuwa na nguvu ambazo hata miungu ya kisiwa hawana. Wengine husema ni kasoro ya uundaji. Kwangu mimi ndiyo raha yenyewe, maana mchezaji ameachiwa hesabu aifanye mwenyewe hadi mwisho wake wa kichaa. Mabingwa wa mbio humaliza kisa kikuu cha Morrowind kwa chini ya dakika kumi, wakitumia maarifa ya namna hii.

Lakini kina peke yake hakimrudishi mtu mwanzo. Kinachomrudisha ni kunyimwa. Morrowind lina koo kuu tatu unazoweza kujiunga nazo: Hlaalu ya wafanyabiashara, Redoran ya wapiganaji na Telvanni ya wachawi. Ukiingia moja, nyingine mbili zimefungwa. Katika vyama vya wapiganaji na wachawi hupandi cheo bila ustadi unaotakiwa. Mtu wa upanga hawi mkuu wa wachawi kwa kuhurumiwa. Ukimuua mtu ambaye kisa kikuu kinamtegemea, gemu linakujulisha kwamba umeukata uzi wa unabii, kisha linakuacha uendelee kuishi na ulilolitenda. Na kwa mwenye subira ya kutafuta, ipo njia ya kichochoro ya kufika mwisho hata baada ya hapo. Atakayeanza upya akiwa Telvanni atakuta kisiwa ambacho yule Redoran hakukijua.

Magemu yaliyofuata yalianza kupunguza ukali huo. Tazama idadi ya stadi za mhusika: Daggerfall 35, Morrowind 27, Oblivion la mwaka 2006 lina 21, na Skyrim la tarehe 11 Novemba 2011 lina 18. Kupunguza si kosa lenyewe, kwani stadi nyingi za Daggerfall hazikuwa na kazi yoyote ya maana. Kosa la Oblivion lilikuwa kwingine: maadui wengi wanapanda ngazi pamoja na mchezaji. Ukiwa dhaifu nao dhaifu, ukiwa shujaa nao mashujaa. Ndipo unapokutana na jambazi wa barabarani aliyevaa deraya ya thamani kubwa mno, anakudai sarafu 100. Angeuza deraya ile angestaafu.

Skyrim lilirekebisha sehemu ya kasoro hiyo, likaleta nyingine. Unaweza kuwa mkuu wa chuo cha wachawi cha Winterhold huku unajua uchawi kidogo sana, na wakati huo huo ukaongoza wezi na wauaji wa kukodiwa. Ukiondoa vita vya Himaya na waasi wa Stormcloaks, milango mingi haifungwi. Wachezaji wenyewe wana utani kwamba hata uanze na mhusika wa namna gani, utaishia kunyatia gizani na upinde. Sababu ni hesabu tu: mshale uliopigwa kwa kuvizia huzidisha madhara mara mbili, na kwa mafunzo mara tatu, tena ukiwa mbali na hatari. Njia moja ikizishinda nyingine zote, hizo nyingine ni pambo.

Basi mbona Skyrim limeuza nakala zaidi ya milioni 60 na bado linachezwa? Sehemu kubwa ya jibu iko kwa watu wa nje ya kampuni. Tangu Morrowind, Bethesda hutoa zana za kutengenezea gemu kwa umma, na mashabiki huunda modi: maeneo mapya, kanuni mpya, sura mpya. Kundi la kujitolea liitwalo Tamriel Rebuilt limekuwa likijenga bara lililo jirani na Vvardenfell kwa zaidi ya miaka ishirini. Wengine hujiwekea nadhiri: sitavaa deraya, sitatumia safari za mkato, nikifa naanza upya. Hapo ni mchezaji anayejifungia milango ambayo muundaji aliiacha wazi.

Kwetu Afrika Mashariki magemu haya hayakuenea, na sioni kwamba ni suala la ladha. Vijana wengi wameyajua magemu kwenye vibanda vya mtaani, ambako unalipia mechi au muda. Mpira unafaa hapo. Safari ya saa mia moja, inayotaka ikuhifadhie maendeleo yako wiki hadi wiki, haifai.

Mwenye kompyuta ya kawaida nyumbani asikate tamaa. Bethesda walilifanya Daggerfall kuwa la bure mwaka 2009, na Morrowind linaendeshwa vizuri na OpenMW, programu ya bure, mradi umenunua gemu lenyewe. Ushauri wangu ni uanze na Morrowind, uchague ukoo mmoja, na usisome mwongozo wowote kabla hujaumaliza ukoo huo. Wiki ijayo tutalitazama Elden Ring la Japani.