Neno la Amri: Kiswahili cha Programu na Mtumiaji wa Shinyanga

Mwaka 2004 Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Istilahi zilipatikana. Lakini neno lililo sahihi kamusini laweza kumpoteza mtumiaji kwenye skrini, jambo ambalo wanaistilahi hulisahau kwa urahisi.

Lichukuliwe neno 'hifadhi'. Ni nomino au ni amri? Umbo ni lile lile, na kitufe hakina sentensi ya kulitegemeza. Kwa mchimbaji mdogo wa Geita, hifadhi kwanza ni msitu asimoruhusiwa kuchimba. 'Ghairi' ni gumu zaidi: swali likiwa 'Unataka kughairi?', na chini yake pana 'Sawa' na 'Ghairi', ni kitufe kipi kinachoghairi?

Tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, utata wa namna hii una gharama. Muuza dagaa mjini Kahama, ambaye lugha yake ya kwanza ni Kisukuma, huletewa ankara ya serikali inayoweza kutaja 'namba ya malipo', ilhali menyu ya simu humtaka aweke 'namba ya kumbukumbu'. Kumbukumbu ya nani? Namba ni ile ile, ila majina ni mawili. Akishindwa, humkabidhi wakala simu pamoja na namba ya siri, istilahi pekee aliyoielewa barabara tangu mwanzo.