Umefunga Ofisi, Simu Je?

Biashara ikikushinda hapa Tukuyu unafanyaje? Unauza meza, unang'oa kibao, unamrudishia mwenye nyumba ufunguo, halafu huyoo, Hiace ya Mbeya. Umemaliza? Thubutu!

Jamaa yangu mmoja mwenye ofisi ya kuchapa barua na intaneti alifanya hivyo hivyo. Miezi ikapita, akaletewa ankara ya laini asiyoigusa. Akaja juu: "Si nilishafunga?" Kumbe alifunga mlango, mkataba hakuufunga.

Msomaji wangu, huduma ya kulipia kabla haina neno, salio likiisha imeisha. Ile ya kulipia mwisho wa mwezi ndiyo yenye makucha. Soma mkataba uone notisi ni ya muda gani, andika barua, rudisha kifaa chao, lipa kilichobaki, na nakala yenye muhuri uitunze kama cheti cha ndoa. Usidhani ukishafuta kampuni BRELA na kumalizana na TRA basi na simu imekatika. Wapi!

Na laini ulizowagawia vijana wa ofisini? Tangu Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, kwa hiyo kila laini ina mwenyewe. Kijana akiichezea ule utapeli wa "ile hela tuma namba hii", wa kwanza kuulizwa ni wewe. Piga *106# uone namba zilizo kwa jina lako, toa hela zilizomo, waage wateja, kisha nenda kazifunge.

Ukiondoka bila kuaga, shauri yako!