Papa ametoka karie: siku tatu Uvira na mtoto mdogo

Kule karie siku hazina jina. Mtu anashuka shimoni Jumatatu, anapanda juu na hajui kama ni Jumatano ao Ijumaa. Miezi inapita. Siku anaporudi nyumbani, mtoto wa miaka mitatu anajificha nyuma ya mama yake. Wachimbaji wa Misisi, Kamituga na Lugushwa wanalijua jambo hili, hata kama si wengi wanaolisema. Franga iko mfukoni, lakini mtoto haijui franga. Anahitaji siku pamoja na papa yake.

Wengi wanafikiri kutembeza mtoto mujini ni mambo ya wazungu ao ya wakubwa wa Kinshasa. Lakini Uvira iko karibu, lugha yao ni yetu, na vitu vikubwa vya kumuonyesha mtoto havilipishwi. Hapa tunapanga siku tatu, tukianzia Mulongwe.

Njia

Anayetoka Misisi anafuata RN5 kwa kupita Fizi, Baraka, Mboko na Makobola. Kutoka Baraka mpaka Uvira ni kama kilomita 90, na ziwa linakaa upande wa kuume. Mtoto akae upande huo. Anayetoka Kamituga anafika kwanza Bukavu, kiisha anateremka Ngomo na Kamanyola, anaingia bonde la Ruzizi: Luvungi, Sange, Kiliba.

Mbele ya kufunga mzigo, uliza madereva na ndugu walioko njiani namna barabara inavyokuwa juma hilo. Wakisema haiko muzuri, ahirisha. Safari ya furaha haina haraka. Kipindi kizuri ni kiangazi, mwezi wa sita mpaka wa nane: barabara imekauka, mito imepungua, na mwezi wa saba na wa nane watoto wakubwa wako vakansi.

Siku ya kwanza: Mulongwe

Uvira iko muji mrefu na mwembamba, umebanwa kati ya milima ya Mitumba na ziwa Tanganyika. Mtoto akisimama barabarani Mulongwe, anaona mlima upande mmoja na anaona maji upande wa pili. Anza asubuhi, jua likiwa bado dogo. Ziwa liko meta 770 na kitu juu ya bahari, basi joto la huku linampita mtoto aliyezoea baridi ya Mwenga.

Sokoni, mpeleke kwa wamama wa samaki. Huko njo atajua kutenganisha ndakala, mikeke na sangala. Muonyeshe mawese na mchele wa bonde la Ruzizi. Mpe franga kidogo mkononi, achague kitu kimoja yeye mwenyewe, alipe yeye mwenyewe. Saa mbili zinatosha. Mtoto mdogo akichoka, muji wote unageuka kilio. Adhuhuri alale.

Jioni muonyeshe mto Mulongwe. Wakati wa kiangazi unaonekana kama mto wa kuchezea. Lakini tazama mawe makubwa yaliyolala ndani: ni maji ndiyo yaliyoyaleta kutoka mlimani. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mvua kubwa ilinyesha, mito ya Uvira ikavunja kingo, nyumba zikabebwa, makumi ya watu wakakufa na maelfu wakabaki bila makao. Mtambo wa maji wa Régideso, unaochukua maji katika mto huu, uliharibika pia. Mchimbaji aliyeona shimo likiingiwa na maji anaelewa bila kuelezwa. Mvua ikianza kunyesha, hata ikiwa inanyesha mlimani tu, mtoto asikaribie mto.

Siku ya pili: Kalundu na ziwa

Kusini ya muji iko bandari ya Kalundu, ambako maboti yanaleta mizigo kutoka Kalemie, Kigoma ya Tanzania, na Mpulungu ya Zambia. Mwaka 2024 ziwa lilipanda sana, likaingia mpaka kwenye nyumba za kando. Alama zake bado zinaweza kuonyeshwa.

Mueleze mtoto ukubwa wa ziwa kwa lugha ya karie. Tanganyika ina urefu wa kilomita 673, na pahali pake pa chini kabisa ni meta 1,470. Chukua mashimo ya meta 50, uyapange karibu 30, moja juu ya lingine: ndipo utafika chini. Katika dunia yote, ziwa moja tu linalipita kwa kina, Baikal la Urusi.

Usiku njo kuna sinema ya bure. Wavuvi wanatoka jioni na mataa, mwangaza unavuta ndakala juu, na ziwa linaonekana kama muji mwingine. Lakini chagua usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa, taa haivuti samaki, na wavuvi wengi wanapumzika. Angalia mwezi mbele ya kupanga safari.

Kama munataka kupanda pirogi, iwe asubuhi, maji yakiwa yametulia, karibu na kando, na mtoto avae jile ya kuokolea inayomtosha. Hakuna jile, hakuna pirogi. Kuoga ziwani pia kuna sheria: uliza wenyeji, kwa sababu mamba na viboko wako, na mahali penye matete mtoto anaweza kutoka na bilharzia.

Siku ya tatu: Kavimvira

Kaskazini iko Kavimvira, na mbele yake mpaka wa Burundi. Siku hewa iko safi, Bujumbura inaonekana ng'ambo ya maji. Kuvuka kunaomba karatasi za kila mtu, hata za mtoto. Kama hamna, kutazama kunatosha.

Huko karibu mto Ruzizi unaingia ziwani. Karne ya 19 wazungu walibishana sana juu ya mto huu: unaingia ao unatoka? Burton na Speke walifika Uvira mwaka 1858, na wenyeji waliwaambia kwamba unaingia. Ulaya haikuridhika. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley walikuja kwa mtumbwi kutoka Ujiji, wakaona kwa macho yao kile wavuvi walichokuwa wanakijua. Muulize mtoto: maji haya yanatoka wapi? Yanatoka ziwa Kivu, yanaingia Tanganyika, yanatokea Kalemie kwa mto Lukuga, yanafika Lualaba, kiisha mto Kongo, mpaka baharini. Eleza ukiwa mbali na mdomo wa mto. Viboko hawajui mgeni.

Tumbo na homa

Kipindupindu kinarudi-rudi Uvira tangu miaka mingi. Mtoto anywe maji yaliyochemshwa ao yaliyotiwa dawa, ale chakula cha moto, anawe mikono na sabuni. Akianza kuhara maji-maji, mpe mara moja maji ya kurudisha nguvu: litre 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kiisha mpeleke kituo cha afya palepale, usingoje asubuhi. Usiku alale ndani ya mustikeri. Akipata homa hata baada ya kurudi nyumbani, apimwe malaria.

Franga

Mbele ya kutoka, papa na mama wakae pamoja wahesabu. Franga ya kurudi itengwe ya kwanza, na mama aishike. Ya pili ni ya kulala na kula, ya tatu ni ya ugonjwa. Inayobaki njo ya kufurahia. Mukilala kwa ndugu, msifike mikono mitupu: sukari ao mchele vinafungua mlango. Kwa moto, patana bei mbele ya kupanda, na mtoto akae kati ya watu wazima wawili, si mbele ya dereva.

Bia nayo iseme wazi. Wababa wengi wanatoka karie na kiu ya miezi mitatu. Lakini aliyekunywa usiku wa kwanza hataona soko asubuhi, na mtoto atatembezwa tena na mama peke yake. Siku tatu ni chache. Zikiisha, mbele ya papa kurudi shimoni, amwambie mtoto atarudi mwezi gani, na arudi mwezi huo.