Dirisha Likiachia, Paa Nalo Huondoka

Mkazi wa Turwa, Tarime, hatarajii kupigwa na kimbunga cha baharini kama Hidaya, kilichofika Mafia Mei 2024. Yuko karibu mno na ikweta, nyuzi 1 na ushei tu, na vimbunga vya aina hiyo ni nadra sana kujijenga ndani ya nyuzi 5. Lakini upepo unaoezua mapaa anaujua vizuri. Mchana, hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda milimani, mawingu ya radi hujikusanya, kisha hewa baridi huporomoka kutoka mawinguni na kusambaa ardhini kwa kasi. Dakika chache baadaye, bati za darasa ziko shambani.

Wengi hulaumu misumari. Florida, Marekani, waliangalia pia dirisha. Agosti 1992 kimbunga Andrew kiliangamiza nyumba zaidi ya 25,000 huko. Wakaguzi waliona mfuatano huu mara kwa mara: kitu kinachopeperuka kinapasua kioo, upepo unaingia ndani na kulisukuma paa kutoka chini, huku upepo wa juu ukilivuta.

Hesabu yake inatisha. Upepo wa kilomita 108 kwa saa husukuma kila mita ya mraba kwa nguvu ya takriban uzito wa kilo 55. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu huwa mara nne. Mita ya mraba ya bati la geji 30 haifiki hata kilo 3.

Ndipo Miami-Dade, kaunti ya huko Florida, wakaweka mtihani mkali wa madirisha. Mzinga wa hewa hufyatua ubao wa kilo 4 hivi, kwa mwendo wa mita 15 kwa sekunde, moja kwa moja kwenye kioo. Kikishapigwa, husukumwa na kuvutwa mara 9,000. Kioo kinaruhusiwa kupasuka, ila kisiachie tundu. Siri yake ni utando wa plastiki uliobanwa kati ya vioo viwili, wazo la Mfaransa Édouard Bénédictus, aliyelisajili mwaka 1909. Vipande hubaki vimeng'ang'ania utando, na fremu hubaki imeziba.

Vioo hivyo ni ghali, na Turwa si lazima tuvinunue. Kinachonisumbua ni mazoea yetu ya ujenzi: tunaezeka kwanza, madirisha tunasubiri hela, pengine miaka. Nyumba ya namna hiyo ni sawa na ile ya Florida baada ya kioo kupasuka, ila yetu inaanza hivyo tangu siku ya kwanza. Madarasa yasiyo na madirisha yako katika hatari hiyo hiyo.

Kwa hiyo, kama umeezeka na fedha imekata, ziba matundu ya madirisha kwa mbao au tofali kabla ya mvua za vuli, ukianza na upande unakotoka upepo. Kama bado hujaezeka, mwambie fundi aache kwenye lenta nondo za kufungia kenchi.