Kurasa Zilizobanwa: Saratani ya Umio na Kikombe cha Chai (Sehemu ya Pili)

Alfajiri ya Karatu ina baridi inayopenya sweta. Pale stendi, kabla magari ya watalii hayajaanza kupanda kwenda lango la Loduare, mama muuza chai anafungua chupa na kumimina chai ya maziwa kwenye kikombe cha bati. Mteja wake, mzee aliyejitanda shuka, anakishika kwa ncha ya shuka hiyo kwa sababu vidole haviuvumilii moto wake. Kisha anakipeleka mdomoni papo hapo, anapiga funda, anashusha pumzi ya kuridhika. Koo limepewa kile ambacho vidole vimekikataa.

Wiki iliyopita tuliishia kwenye jeni, nikaahidi kwamba leo tungeanza na kikombe hicho. Saratani ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, ina ukanda wake Afrika: unaanzia Ethiopia, unapita Kenya na Tanzania, unashuka Malawi hadi Afrika Kusini. Afrika Magharibi ugonjwa huu ni nadra. Kwetu huwapata hata watu ambao hawajafikisha miaka 40, na dalili yake kubwa haihitaji jina la kitabibu: chakula kinakwama. Huanza kukwama tonge la ugali, halafu wali, halafu uji, na wagonjwa wengi hufika hospitali siku maji nayo yamekataa kupita.

Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliviweka vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo yumkini husababisha saratani. Mwaka mmoja kabla ya hapo, watafiti waliopima chai za watu mkoani Kilimanjaro walikuta wanywaji wakianza kunywa chai ikiwa, kwa wastani, na joto la zaidi ya nyuzi 70. Wa chai ya maziwa walikunywa ya moto zaidi kwa karibu nyuzi 2 kuliko wa chai ya rangi, kwa kuwa maziwa hukawia kupoa. Na mtu asidhani kwamba mwinuko unatuokoa. Ni kweli kwamba Karatu mjini, kwenye mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka yakifika nyuzi 95 hivi, na kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro huchemka kwenye 92 hivi. Bado 65 iko mbali sana chini.

Sasa, moto unafanya nini ndani ya seli? Jibu rahisi lingekuwa kwamba unaharibu maandishi ya DNA. Moshi wa sigara hufanya hivyo, na jua kali kwenye ngozi hufanya hivyo, na kila kimoja huacha mwandiko wake, makosa ya namna yake ambayo mtaalamu akiyasoma hujua yametokana na nini. Ndiyo maana utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulikuwa na uzito mkubwa. Wanasayansi walisoma DNA yote ya uvimbe wa saratani ya umio wa wagonjwa 552 kutoka nchi nane, Tanzania, Kenya na Malawi zikiwemo. Walitafuta mwandiko ambao ungeonekana kwenye nchi zenye wagonjwa wengi na kukosekana kwenye nchi zenye wachache. Hawakuupata. Miandiko ilifanana karibu kila mahali.

Nilipousoma utafiti ule mara ya kwanza niliurudia mara mbili. Kama kuna kitu kinachozidisha ugonjwa huu kwetu, basi huenda hakifanyi kazi kwa kufuta na kuandika upya herufi. Huenda kinapita njia nyingine, na mojawapo ya njia ambazo wanasayansi wanazichunguza ni ile inayoitwa epijenetiki.

Chukua kwaya. Mwalimu wa kwaya ana daftari moja lenye nyimbo zote: za Pasaka, za harusi, za msiba. Siku ya msiba hachani kurasa za harusi. Anazibana tu kwa kibanio ili zisifunguke. Karibu kila seli ya mwili wako ina daftari lile lile, jeni kama 20,000, kwenye uzi wa DNA ambao ukinyooshwa unafika urefu wa mita 2. Seli ya jicho na seli ya ini hazitofautiani kwa maandishi. Tofauti yao ni kurasa zipi zimebanwa na zipi ziko wazi.

Kibanio kinachojulikana zaidi ni methili: kaboni moja na hidrojeni tatu, kitu kidogo mno, kinachopachikwa juu ya herufi C ya DNA. Methili zikijaa mwanzoni mwa jeni, jeni hiyo hunyamaza. Kuna vibanio vingine kwenye histoni, zile protini ambazo uzi wa DNA huzungushiwa kama uzi kwenye kibiringo. Katika baadhi ya uvimbe wa umio imeonekana jeni iitwayo p16 ikiwa imejaa methili. Kazi ya p16 ni kuwa breki: huizuia seli isigawanyike ovyo. Herufi zake zinaweza kuwa salama kabisa, hakuna hata moja iliyokosewa, lakini ukurasa umebanwa na breki haishiki. Ukuta wa umio unaounguzwa asubuhi na jioni, ukavimba, ukapona, ukaunguzwa tena, ni mahali ambapo seli hulazimika kugawanyika mara kwa mara, na kuvimba kwa namna hiyo kunajulikana kuvuruga vibanio.

Lakini daftari si wimbo. Kujua kurasa zilizo wazi hakukuambii nani anaimba kwa sauti kubwa na nani amekauka koo. Sauti zenyewe ni protini, na kuzipima zote kwa pamoja ndiyo kazi ya protiomiki. Chombo chake kikuu ni spektromita ya masi: protini hukatwa vipande, vipande hutiwa chaji ya umeme, kisha kila kimoja hupimwa uzito wake kwa usahihi wa ajabu hadi kitambulike kimetoka protini gani.

Watu wa Ngorongoro wana sababu ya kukijua chombo hiki. Laetoli, mahali pale pa nyayo zilizofukuliwa na timu ya Mary Leakey, palipatikana pia vipande vya maganda ya mayai ya mbuni vyenye umri wa miaka milioni 3.8. Mwaka 2016 Beatrice Demarchi na wenzake walitangaza kwamba wamesoma mabaki ya protini ndani yake. Katika joto la Laetoli DNA haiwezi kudumu muda huo, lakini protini zilikuwa zimenata kwenye madini ya ganda na kunusurika.

Tishu ya mgonjwa haina bahati ya ganda la yai. Ikikatwa tu, protini zake huanza kubadilika, na inatakiwa igandishwe mara moja. Kutoka Karatu hadi hospitali ya KCMC, Moshi, ni zaidi ya kilomita 200. Kutoka Endulen, kule Ngorongoro, ni mbali zaidi, na masika barabara hugeuka tope. Naamini jokofu la kugandishia sampuli ni hitaji la kweli la wilaya hizi, kama lilivyo gari la wagonjwa.

Vibanio, tofauti na herufi, vinaweza kubanduliwa. Dawa iitwayo azasitidini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2004 kwa ugonjwa wa uboho, hupunguza methili, ingawa haichagui ukurasa. Ikiwa hata dawa ya hospitali haichagui, basi anayekuuzia mnadani chupa ya "kusafisha vinasaba" anakudanganya, na pesa yako ingefaa nauli ya kwenda kupimwa.

Kupimwa kwenyewe kunaweza kuwa rahisi kuliko tunavyodhani. Mkoani Kilimanjaro watafiti wameshajaribu njia hii kwa wanajamii: mtu anameza kidonge chenye uzi. Tumboni ganda linayeyuka, sponji ndogo iliyokuwa imekunjwa inafunguka, na mhudumu anauvuta uzi taratibu. Sponji inapopanda inakwangua ukuta wa umio tangu chini hadi juu, na kutoka ikiwa imebeba seli. Wiki ijayo tutaifuata sponji hiyo hadi maabara, tuone namna methili zinavyohesabiwa.

Itaendelea.